Machozi ya Onyesho la 92

14 Septemba 1986, Jumapili. Joto, hakuna upepo.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya hasira. Daktari amenipima presha, akatikisa kichwa, akasema kila kinachoniudhi nikiandike, kitanitoka. Nimemwambia nimekula mshahara wa kuandika kwa miaka thelathini na minane na hakuna kilichonitoka isipokuwa nuru ya macho. Akacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti kidogo pembeni ya kamera, saa nimeivaa shingoni, na kuandika. Staa kashika glasi kwa mkono gani, sigara yake imebaki urefu gani, kifungo kipi kiko wazi. Filamu hupigwa vipande vipande, leo mwisho, kesho mwanzo, na bila mtu kama mimi staa angeingia mlangoni na kofia akatokea chumbani kichwa wazi. Nimefanya filamu arobaini na moja. Jina langu halimo hata katika moja. Aliyetunza farasi ametajwa.

Leo amenipigia simu Dwight Ellery, anayeendesha tamasha la filamu za kale pale ukumbi wa Minerva, mjini kati. Mwaka huu wanaadhimisha miaka arobaini na mitano ya Kivuko cha Chumvi, tarehe tisa Novemba, na anamtaka Lenora Voss jukwaani.

"Bi Opal, wewe ndiye rafiki yake," akasema. "Mwambie watu wanakuja kutoka Ohio, wanakuja kutoka Kanada. Wanataka kumsikia yeye mwenyewe akisimulia ile ya mbwa."

Nikakata simu. Baadaye nikampigia nikamwambia imekatika yenyewe.

17 Septemba, Jumatano. Joto lile lile.

Ile ya mbwa. Hakuna mpenzi wa filamu za kale asiyeijua. Mwaka 1941, tukipiga onyesho la 92, mwongozaji wetu Thayer alishindwa kumliza Lenora. Basi akamwambia mbwa wake Biskuti kagongwa na gari. Lenora akaangua kilio, kamera ikakinasa, na hadi leo watu wanakiita kilio kizuri kuliko vyote vilivyowahi kupigwa Hollywood. Kisha Biskuti akaletwa mzima, mkia unacheza, na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisa hicho kilitungwa na mtu wa matangazo wa studio wakati anasubiri kahawa yake ipoe.

Lenora hajawahi kufuga mbwa. Mbwa humpigisha chafya mpaka macho yanavimba.

Ngoja niandike ilivyokuwa, maana hakuna popote nilipopata kuandika. Siku ya Jumanne, alasiri, Lenora alikuwa mbele ya kamera, onyesho jingine kabisa. Tarishi akaleta telegramu yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu, akanipa mimi. Thayer akaichukua mkononi mwangu, akaifungua, akaisoma, akanionyesha. Ilitoka kwa dada yake Lenora, kule kwao Scranton, mashariki ya mbali. Mama amefariki asubuhi hii. Mazishi Alhamisi saa nne. Njoo.

Ndege ya jioni ile ingemfikisha. Angemzika mama yake.

"Onyesho la kilio ni Alhamisi mchana," Thayer akasema, taratibu, kama mtu anayepanga chakula. "Iweke. Nitakuomba."

Nikaiweka. Niliibana kwenye ubao wangu wa kuandikia, chini ya karatasi nyingine, nikazunguka nayo Jumanne ile, na Jumatano kutwa, na Alhamisi mpaka saa tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kazi niliyoipata kwa kupiga watu viwiko. Saa tisa Thayer akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa. Akaenda akampa Lenora huku kamera inazunguka. Na mimi nikaandika: onyesho la 92, mara ya kwanza, safi.

Lenora anajua kwamba Thayer alimficha. Thayer mwenyewe alijisifu mbele yake kwa hilo, kabla hajafa kwa ini. Kitu ambacho Lenora hajui ni kwamba karatasi ile ililala kwangu. Tumekuwa marafiki miaka arobaini na mitano, na sijamwambia. Nikimwambia nampoteza, na sina mwingine.

18 Septemba.

Presha haijashuka. Daktari ni mjinga.

25 Septemba, Alhamisi. Joto limezidi.

Alhamisi ni siku yetu. Naenda kwa Lenora, Glendale, na sandwichi za tuna, tunakaa mbele ya televisheni kungoja filamu ya saa tisa alasiri, ile stesheni inayoonyesha za zamani. Leo ilikuwa ya mwaka 1938, ya mwanamume mwenye masharubu ambaye sote wawili tumepata kufanya naye kazi.

"Meno yake yalikuwa ya studio," Lenora akasema. "Akimaliza kazi anayaacha kwenye droo."

"Na yule mwenye kofia ya manyoya?"

"Huyo alikuwa mwema. Alinifundisha kushuka ngazi bila kutazama chini. Ona, ona, anashuka sasa hivi."

Yule mwanamke akashuka ngazi ndefu kama maji yanavyoshuka, na taa imemgusa shavuni tu, hapo hapo inapotakiwa. Siku hizi wanamulika watu kama nyama buchani. Yale mambo yalikuwa mazuri kweli kweli, ndiyo sababu yananikasirisha.

Nikamwambia habari ya Dwight, nikitumaini atakataa. Alikataa mwaka jana, na mwaka juzi.

"Nitakwenda," akasema.

"Wanataka ile ya mbwa."

"Najua wanachotaka. Nina miaka sitini na tisa, Opal. Nataka nikae kwenye kiti chao kile chekundu nikawaambie ilikuwa mama yangu. Mara moja tu, kwa mdomo wangu. Kisha wakae na mbwa wao." Akanyofoa pembe za sandwichi, hapendi pembe. "Na wewe utakaa mbele, nikupate kwa macho."

Nikasema nitakaa. Nilikunja leso yangu mara nane.

2 Oktoba, Alhamisi.

Upepo wa Santa Ana umeanza, unatoka jangwani umekauka kama mfupa. Mlango wa jirani umegonga usiku kucha. Hatukuonana na Lenora, ana miadi ya macho.

6 Oktoba, Jumatatu. Upepo.

Leo nimetembelewa na Bwana Pomeroy. Huyu ni daktari wa meno wa Bakersfield aliyeandika kitabu cha visa vya filamu za kale, kurasa mia nne, na kila mwaka kwenye tamasha anakaa safu ya pili, kiti kile kile, na tai ya mtindo wa 1940. Amekuja na kitabu chake nikitie sahihi. Nikimuuliza kwa nini nitie sahihi kitabu ambacho mimi sikukiandika wala simo, anasema, "Umo, Bi Opal. Ukurasa wa mia moja na kumi. Fundo."

Fundo. Kivuko cha Chumvi kina kosa moja la mwendelezo. Lenora anaingia kwenye hema, fundo la skafu yake liko kushoto; anatokea upande wa pili, liko kulia. Pale Minerva wamelifanya desturi: skafu ikiruka tu, ukumbi mzima, watu mia nane, wanasema "Fundo" kwa sauti moja, halafu wanacheka kwa upendo. Kwa upendo, ndivyo wanavyosema.

"Filamu arobaini na moja na kosa moja tu," Pomeroy akasema. "Hebu niambie, kwa faida ya historia. Siku ile ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza meno yangu," nikamjibu.

Akacheka sana, akaliandika. Litatoka kwenye chapa ijayo.

Onyesho la hema tulilipiga Jumatano. Telegramu ilikuwa chini ya kidole gumba changu, na mimi nilikuwa namtazama Lenora usoni badala ya shingoni. Siwezi kumwambia hivyo mtu mwenye tai ile.

Wanaijua filamu kuliko tulioitengeneza. Wanajua namba ya farasi. Wanapiga makofi jina la staa linapotokea kwenye pazia, kana kwamba yuko ndani ya pazia anawasikia. Ukiwauliza nani alikuwa na njaa siku ile, nani alikuwa na mimba, nani alikuwa anaumwa, wanakutazama kama umeingia nyumba si yako. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hakuna anayeiuliza.

11 Oktoba.

Upepo. Nimemfokea mtu wa posta. Hakuwa na kosa.

16 Oktoba, Alhamisi. Upepo umetulia.

Leo nilikwenda nimejitayarisha. Niliyapanga maneno njiani, nikayasema kwa sauti ndani ya gari, mpaka mwanamke wa gari la jirani akafunga kioo.

Nilimkuta Lenora na karatasi, anaandika atakayoyasema. Akanisomea. Ameandika vizuri, hakuweka sukari. Alivyopenda kuigiza. Alivyomwamini Thayer. Alivyofika Scranton Jumapili akakuta maua yameshanyauka juu ya kaburi, na dada yake hakumfungulia mlango, maana alidhani Lenora ameipata telegramu Jumanne akachagua filamu.

"Dada amekufa anaamini hivyo," akasema. "Hicho ndicho nisichoweza kumsamehe yule mtu."

"Thayer," nikasema.

"Thayer. Nani mwingine?"

Alinitazama. Ndipo pa kusema pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamuuliza kama anataka kahawa.

Nimerudi nyumbani nimejikasirikia njia nzima. Mwezi mzima nawatukana Pomeroy na Dwight kwa kuupenda uongo, na mimi ndiye niliyeukalia. Nyani haoni kundule.

23 Oktoba, Alhamisi. Upepo mkali, moto milimani.

Moshi umefika mpaka Glendale. Majivu juu ya gari. Lenora anakohoa, hakutaka kuangalia filamu. Tulicheza karata. Hakusema lolote kuhusu tamasha wala mimi sikusema.

30 Oktoba, Alhamisi. Upepo.

Dwight alikuja kwa Lenora wakati nipo. Ameleta maua na bango. Nimeliangalia bango lile nikahisi damu imenipanda masikioni: Lenora wa miaka ishirini na minne, uso umelowa machozi, na pembeni yake wamemchora mbwa.

"Ni nani huyo?" Lenora akauliza.

"Biskuti." Dwight anachekelea. "Watu watapenda, Bi Lenora. Tumechapisha na fulana."

"Kijana wangu, hapakuwa na mbwa. Nitawaeleza siku hiyo. Ilikuwa telegramu."

Dwight akanitazama mimi. Mimi, kama watu wazima wawili wanavyotazamana juu ya kichwa cha mtoto. "Bila shaka," akamwambia. "Utasimulia utakavyo. Lakini na ya mbwa utaigusa kidogo, eti? Wengine wanakuja kwa ajili hiyo."

Nikamfuata nje mpaka kwenye gari.

"Umemsikia alichosema?"

"Bi Opal, nampenda yule mama kuliko bibi yangu. Lakini nimeuza viti vyote. Watu hawatoki Ohio kuja kusikia habari ya msiba. Wanakuja kufurahi."

"Wafurahie kilio cha mtu."

"Si kilio cha mtu," akasema, na kusema kweli hakuwa na ubaya, alikuwa ananielimisha. "Ni onyesho la 92."

Nilimwita jina ambalo sitaliandika. Lenora alisikia dirishani. Niliporudi ndani akaniuliza kwa nini nimekasirika kuliko yeye mwenye mama, nami nikaanza kutafuta chombo cha kuwekea maua ya Dwight.

6 Novemba, Alhamisi.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa saluni. Nilikaa kwenye gari saa nzima mbele ya nyumba yake, kisha nikaondoka. Ningeweza kungoja saa mbili.

10 Novemba, Jumatatu. Upepo umekata ghafla.

Naandika ya jana. Nitaandika yote kwa utaratibu, hiyo angalau najua.

Minerva ilijaa mpaka juu. Wanawake wamevaa glavu, wanaume kofia za babu zao. Mimi na Lenora safu ya mbele, yeye kavaa bluu, nywele kazipanga. Taa zikazimwa. Jina lake likatokea kwenye pazia, makofi. Jina la Thayer, makofi makubwa zaidi. Nilimshika Lenora mkono. Ulikuwa baridi.

Na filamu ni nzuri. Lazima niandike hivyo. Ule mwanga juu ya maji, wale farasi, Lenora anavyogeuza shingo. Nimeikalia saa kumi na mbili kwa siku, siku hamsini na tatu, na bado ilinichukua. Ilipofika hema, ukumbi ukasema "Fundo," nikasikia Pomeroy nyuma yangu akisema kwa sauti kuliko wote.

Onyesho la 92 lilipoanza Lenora akafumba macho. Hajawahi kulitazama. Nikasikia watu mia nane wakivuta kamasi. Mwanamke wa nyuma akamnong'oneza mwenzake, "Ona, ona jinsi kidevu kinavyotetemeka." Kidevu kilitetemeka kwa sababu alikuwa amefika kwenye neno mazishi.

Kisha taa, kiti chekundu, kipaza sauti. Dwight akamtambulisha, watu wakasimama. Lenora akangoja wakae. Hakutoa karatasi. Akawaambia, kwa sauti ile ile ya filamu, kwamba anashukuru, na kwamba kuna jambo moja angetaka walijue. Hapakuwa na mbwa. Alipewa telegramu ya kifo cha mama yake iliyofichwa siku mbili, na kilio wanachokipenda ndicho hicho.

Kisha safu ya pili mtu akasimama, na tai yake.

"Samahani sana, Bi Lenora," Pomeroy akasema, kwa upole kama anavyosema na mgonjwa mwenye hofu. "Nadhani umechanganya na filamu nyingine. Miaka imepita. Ilikuwa Biskuti. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili."

Na watu wakacheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Walicheka kama unavyomcheka bibi aliyesahau miwani ipo kichwani. Mtu akasema, "Mungu ambariki." Wamekuja kutoka Kanada kumwabudu, na wakamsahihisha maisha yake mwenyewe kwa namba ya ukurasa.

Lenora akafungua mdomo. Dwight, nadhani alitaka kumsaidia, akatoa ishara pembeni. Msichana akatoka na mbwa. Mbwa mweupe, utepe shingoni. Walikuwa wamemkodi. Ukumbi mzima ukayeyuka, watu wanasema "ooh" kama watoto, na yule mbwa akapandishwa kwenye mapaja ya Lenora Voss, naye Lenora akapiga chafya. Mara ya pili. Mara ya tatu. Wakapiga makofi.

Sijui nilisimama saa ngapi. Mimi, ambaye najua kila mtu alisimama saa ngapi. Nilijikuta nimeshika ukingo wa jukwaa na ninapiga kelele.

"Mtoeni huyo mnyama," nikasema. "Anasema kweli. Telegramu ilikuwepo. Nilikuwa nayo mimi. Niliibana kwenye ubao wangu Jumanne saa kumi, nikakaa nayo mpaka Alhamisi saa tisa, na nilijua imeandikwa nini. Hilo fundo lenu mnalolichekea ndilo hilo. Nilikuwa namtazama mtu asiyejua kwamba mama yake amekufa. Kitabu chako nenda kakiwashie moto, daktari."

Nikadhani sasa wataona haya. Nikadhani wataondoka mmoja mmoja, kofia mikononi.

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Kisha wawili. Kisha wakasimama wote, mia nane, wananipigia makofi mimi. Wengine wanalia. Nilimwona Pomeroy, machozi yanamtoka, anaandika kwenye kidaftari chake haraka haraka, kama mtu aliyeokota kito barabarani. Dwight akanijia akanikumbatia, akasema hii ndiyo jioni kubwa kuliko zote katika historia ya tamasha.

Nilipomtazama Lenora alikuwa amemshusha mbwa sakafuni, anajifuta pua. Hakuwa akinitazama.

Nilimkuta nje, kwenye mlango wa nyuma, anangoja teksi. Nilikuja naye kwenye gari langu. Alikuwa anangoja teksi.

"Lenora," nikasema.

"Nilijua."

Sikuelewa. Akazungumza bila kupandisha sauti, akitazama barabara.

"Kona ya juu ya telegramu, kulia. Jumanne, saa kumi na dakika kumi, onyesho la 87. Kwa penseli nyekundu. Nani mwingine katika mji huu alikuwa akiandika hivyo kwenye kila karatasi iliyomfika? Nimejua tangu kwenye treni ya Scranton."

Ilikuwa mazoea ya kazi. Karatasi ikifika mkononi naiandikia saa na onyesho. Niliiandikia telegramu ya kifo cha mama yake saa na onyesho, na sikukumbuka hata siku moja kwamba nilifanya hivyo.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Kwa nini hukusema wewe? Nimekukalisha jikoni kwangu miaka yote hii, Opal. Nimekufungulia mlango kila Alhamisi. Mwezi uliopita nimekusomea yote, nikakuuliza nani mwingine, ukaniuliza kahawa." Teksi ikasimama. "Nilitaka uniambie mimi. Wewe umekwenda kuwaambia wao. Na wamekupigia makofi."

Akaingia. Alifunga mlango polepole, hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

11 Novemba.

Nimempigia simu. Hakupokea.

12 Novemba.

Hakupokea. Gazeti limeandika habari ya tamasha, safu mbili. Jina langu limo, mara tatu. Mara ya kwanza kabisa maishani. Nimelichana.

13 Novemba, Alhamisi.

Sikwenda. Nilitengeneza sandwichi kwa mazoea, nikazitupa zote.

15 Novemba.

Dwight amepiga. Anataka mwakani nikae mimi kwenye kiti chekundu. Safari hii nilipokata simu sikumpigia tena. Nimeitafuta hasira ya kumtukana nikaikosa. Imegeuka, inanitazama mimi.

20 Novemba, Alhamisi. Mvua, ya kwanza.

Saa nane mchana simu ililia. "Leo ni Alhamisi," Lenora akasema, akakata.

Nilikwenda mikono mitupu. Televisheni ilikuwa imezimwa. Alikuwa amekaa mezani, na mbele yake ile telegramu, imekuwa ya kahawia, na kwenye kona mwandiko wangu wa ujana, mzuri, ulionyooka.

Nikaanza kusema ninayotakiwa kusema. Akainua kiganja.

"Sikukuita nikusamehe. Na usilie humu, nimechoka na vilio. Kaa."

Nikakaa.

"Nataka siku zangu mbili," akasema. "Jumanne saa kumi mpaka Alhamisi saa tisa. Mama yangu alikuwa amelala sebuleni kwao ndani ya sanduku, na mimi sijui nilikuwa nafanya nini. Sikumbuki. Kwa nini nikumbuke, zilikuwa siku za kawaida. Lakini wewe ulikuwa unanitazama. Kazi yako ilikuwa kunitazama. Kwa hiyo niambie."

"Yote?"

"Yote. Usinipambie."

Nikaanza. Jumanne saa kumi na robo alirudia onyesho la 87 mara nne, mara ya tatu akasahau maneno akatoa ulimi. Saa kumi na moja alikula nusu ya tufaha, nusu akanipa mimi, nami nikaila. Jumatano alilalamika viatu vinambana, akatembea pekupeku kati ya onyesho na onyesho. Saa sita mchana aliniuliza koti la rangi gani lingempendeza mwanamke wa miaka hamsini na nane, la Krismasi. Nikamwambia kijani.

Lenora alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Hakunizuia. Kila niliposita alisema, "Halafu?" Nje mvua ilikuwa inapiga bati la gereji.

Tukafika Alhamisi asubuhi. Akahesabu kwa vidole tofauti ya saa kati ya huku na kule.

"Saa nne ya Scranton ni saa moja ya huku," akasema. "Wanamshusha kaburini. Mimi niko wapi?"

"Kwenye kiti cha vipodozi."

"Nafanya nini?"

Nilijua. Ningeweza kusema alikuwa amenyamaza, au amesinzia, asingejua kamwe.

"Ulikuwa unacheka," nikasema. "Uliniuliza mbona nimenuna tangu juzi, nikaogopa utagundua. Nikakupigia hadithi ya kuchekesha. Ulicheka mpaka wakakupaka wanja upya."

Hakulia. Akaigeuza telegramu kifudifudi, akaweka kiganja juu yake.

"Sasa ni saa mbili," akasema. "Endelea."